Redio, Kijitabu na Shimo la Choo

Mwaka 1973, kwa wiki kumi na mbili, watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania Bara walikutana katika vikundi kusikiliza redio na kuzungumza kuhusu magonjwa. Nchi wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 14, watoto wachanga wakiwemo. Ukipiga hesabu, unapata mtu mmoja kati ya saba. Washiriki hawakupewa posho ya kikao. Wengi walitoka shambani, wakanawa miguu, wakabeba vigoda vyao na kwenda kukaa mbele ya redio moja iliyowekwa juu ya meza au dirishani. Walichozungumza kilikuwa mbu, minyoo, maji ya kunywa na, kuliko vyote, choo.

Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya. Mimi nilizaliwa baadaye kabisa, maneno hayo yakiwa yameshageuka msemo. Nyumbani yalitumika kama karipio: mtoto akila embe bila kulinawisha, mtu mzima anasema tu, "Mtu ni afya," na mtoto anajua kosa lake. Sikuwahi kujiuliza msemo umetoka wapi, kama ambavyo hatujiulizi methali zimetoka wapi. Nilipokuja kujua kwamba una mwaka wake, ofisi yake na kijitabu chake, nilianza kuutazama kwa jicho jingine. Hausemi kwamba afya ni mali, wala kwamba afya ni jukumu. Umejengwa kama tunavyosema mtu ni watu, au mtu ni utu. Unasema kwamba ukiondoa afya, hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Ninaandika historia hii kwa sababu naona kizazi changu kina habari nyingi za afya kuliko kizazi chochote kilichopita, na bado kila masika tunasubiri kipindupindu kama tunavyosubiri mvua. Nilitaka kujua watu wa 1973, ambao wengi wao hawakujua kusoma, walikuwa na nini ambacho sisi hatuna.

Kabla ya redio kulikuwa na bwana afya. Wazee wengi wanamkumbuka: mtu wa serikali anayeingia uani bila hodi ndefu, anafunua mtungi, anazunguka nyuma ya nyumba, kisha anauliza choo kiko wapi. Wakati wa Mwingereza usafi ulikuwa amri miongoni mwa amri. Mkulima aliamriwa kuchimba choo kama alivyoamriwa kulima mihogo ya njaa, kupunguza ng'ombe na kuchimba matuta. Amri zilishuka kutoka kwa mkuu wa wilaya hadi kwa chifu, kutoka kwa chifu hadi kwa jumbe, na asiyetii alilipa faini.

Watu walikuwa na namna zao za kujibu. Choo kilichimbwa ili bwana afya akione, kikafunikwa matawi, na hakuna aliyekiingia. Mahali pengine jibu lilikuwa kali zaidi. Katika milima ya Uluguru, wataalamu wa kilimo waliwaagiza watu wachimbe matuta ya ngazi kuzuia udongo usisombwe na mvua. Wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Udongo ulikuwa unasombwa kweli. Lakini Waluguru hawakuulizwa kuhusu ardhi hiyo, wala kuhusu kazi ngumu ya kuchimba matuta hayo. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango ukaachwa. Serikali ilikuwa na ujuzi, fedha na polisi. Kilichokosekana ni mazungumzo, na bila hayo mengine yote hayakufaa kitu.

Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ilirithi kitu zaidi ya uhaba wa madaktari. Ilirithi watu waliojifunza kwamba neno la afya likitoka serikalini, busara ni kuitikia "ndiyo bwana" na kuendelea na yako.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi jambo ambalo viongozi wa nchi nyingi hawapendi kulisema: kwamba mikopo ya nje inajenga mijini, hospitali zikiwemo, lakini anayeilipa kwa jasho ni mkulima wa kijijini. Miaka michache baadaye TANU ikaamua kwamba afya, maji na elimu vielekezwe vijijini kwanza. Hata hivyo uamuzi hauzalishi madaktari. Zahanati zingechukua miaka kujengwa na waganga miaka kusomeshwa, wakati kuhara hakusubiri.

Hapo ndipo elimu ya watu wazima iliingia. Nyerere alikuwa na hoja aliyoirudia tangu miaka ya mwanzo ya uhuru: mtoto unayemfundisha leo utaona matunda yake baada ya miaka kumi au ishirini, lakini mtu mzima akibadili mawazo, nchi inabadilika sasa hivi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo, ambayo watu waliyabatiza ngumbaro, yakaenea. Wakati wa sensa ya 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1975 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39. Watu waliokuwa wameanza tu kusoma walihitaji kitu cha kusoma, na kitu hicho kilipaswa kuwa na maana katika maisha yao.

Njia iliyochaguliwa haikubuniwa Dar es Salaam. Mwaka 1941 wakulima wa Kanada walianza kukusanyika majumbani majirani kwa majirani, wakisikiliza kipindi cha redio kuhusu matatizo yao, kisha wakijadili na kuandika maoni. Walikuwa na kaulimbiu ya kusoma, kusikiliza, kujadili na kutenda. Mwaka 1956 njia hiyo ilijaribiwa India, katika vijiji vya karibu na Pune, na katika miaka ya 1960 ikajaribiwa Ghana. Huku kwetu, watu wa ushirika kule Moshi walikuwa tayari wakiwafundisha wanachama wao kwa redio na vikundi.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kwa tahadhari. Mwaka 1970 ilifanya kampeni ndogo kuhusu uchaguzi mkuu, iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ikafanya nyingine iliyoitwa Wakati wa Furaha, ambayo ilikuwa na washiriki wapatao 20,000. Kutoka hapo wakaruka. Kampeni ya afya ilipangiwa watu milioni 1, na waliojitokeza wakawa karibu mara mbili yake. Kutoka 20,000 hadi milioni 2 ndani ya miaka miwili ni kuruka mara mia.

Maandalizi yalikuwa kazi ya mwaka mzima na zaidi, sehemu kubwa kwa msaada wa fedha kutoka Sweden. Taasisi ilifundisha timu za mikoa, mikoa ikafundisha wilaya, na wilaya zikafundisha viongozi wa vikundi. Viongozi hao walifika 75,000: walimu wa shule za msingi, wahudumu wa zahanati, mabwana shamba, watu wa TANU, na wakulima waliojua kusoma. Hawakufundishwa kuwa madaktari. Walifundishwa kuongoza mazungumzo: kuuliza, kunyamaza, kumpa nafasi asiyezoea kusema, na kutogeuza kikundi kuwa darasa. Vijitabu vilichapishwa kwa mamia ya maelfu, kwa herufi kubwa na picha, ili hata aliyetoka juzi ngumbaro aweze kusoma mistari michache kwa sauti mbele ya wenzake. Magonjwa yaliyochaguliwa yalikuwa malaria, kuhara damu, minyoo ya safura, kichocho na kifua kikuu. Yote ni magonjwa ambayo watu wa kawaida wanaweza kuyafanyia kitu kabla hawajaugua.

Kikao chenyewe kilikuwa na mpangilio. Watu wanaanza kwa kukumbushana walichoamua mara iliyopita, na nani ametekeleza. Wanasikiliza kipindi cha Redio Tanzania Dar es Salaam. Kipindi kikiisha, mmoja anasoma sura ya kijitabu. Kisha wanajadili: ugonjwa huu upo hapa kwetu? Nani aliuugua? Unatokea wapi? Mwisho wanaamua watakachofanya kabla ya kukutana tena.

Ukisoma mpangilio huo haraka unaweza kudhani redio ndiyo moyo wake. Nilidhani hivyo mpaka nilipomuuliza jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye mwaka ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ameajiriwa karibuni katika shule moja ya nyanda za juu kusini, akakabidhiwa kikundi cha watu waliomzidi umri wote.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia. "Nataka unisimulie habari za Mtu ni Afya."

"Marahaba. Unataka ya kwenye vitabu au ya kwenye shimo?"

Nikamwambia ya kwenye shimo.

Alisema betri zilikuwa zinaisha mara kwa mara. Kuna jioni redio ilikoroma tu, wakasikia nusu ya kipindi, lakini hakuna aliyeondoka. Tatizo lililowashika wiki mbili halikuwa la kitaalamu hata kidogo. Lilipofika suala la kila kaya kuwa na choo, mzee mmoja alinyanyuka akasema yeye hatachimba. Alipoulizwa kwa nini, alinyamaza. Kiongozi naye, kama alivyofundishwa, akanyamaza. Baada ya kimya kirefu mzee akasema: "Mimi siwezi kuingia mahali anapoingia mke wa mwanangu. Nikikutana naye mlangoni nitaiweka wapi sura yangu?"

"Mwanangu," mwalimu aliniambia, "bwana afya alipita pale kijijini miaka yote, akatoza faini miaka yote, na hakuwahi kulisikia neno hilo. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakukaa chini."

Kikundi hakikumcheka mzee, maana karibu kila mwenye mkwe pale alikuwa na shida hiyohiyo. Wakajadili, wakaachana, wakakutana tena. Mwishowe mama mmoja akasema kama nyumba ina wakubwa na wana, basi ni mashimo mawili, moja upande huu na moja upande ule, na vijana watasaidiana kuchimba kwa zamu. Mzee akauliza nani ataanza. Wakaanzia kwake.

Mila ya mkwe na choo haikuwa ya kijiji kile peke yake; inajulikana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Hakuna kipindi cha redio cha Dar es Salaam ambacho kingeweza kuitatua, kwa kuwa kila mahali ina sura yake. Redio ilileta swali na sababu ya kukusanyika. Jibu lilitoka kwa watu ambao kesho yake wangekutana kisimani, na ambao wangeona kwa macho kama shimo limechimbwa au halijachimbwa.

Taasisi ilijaribu kupima matokeo. Watafiti walitembelea nyumba zaidi ya 2,000 katika vijiji 8, kabla na baada, wakiangalia vitu vinavyoonekana: kuna choo, kuna shimo la taka, kuna majani marefu au madimbwi karibu na nyumba. Budd Hall, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi wakati huo, aliandika kwa kina kuhusu kampeni hii, na baadaye akajulikana duniani kwa kazi yake ya utafiti shirikishi, wazo ambalo mizizi yake iko kwa sehemu katika miaka yake ya Tanzania. Picha iliyopatikana ilikuwa ya mabadiliko makubwa, hasa vyoo. Watu walichimba, na hawakungoja kampeni iishe.

Sitaki kuipamba historia hii kuliko inavyostahili. Sehemu ya ushauri wa kampeni ilikuwa dhaifu. Watu walifyeka majani kuzunguka nyumba ili kufukuza malaria, kazi ambayo leo tunajua hupunguza mbu wa malaria kidogo sana. Kufukia madimbwi kulisaidia zaidi, lakini chandarua chenye dawa kilikuwa bado hakijaja. Kuna pia mambo ambayo kikundi hakiwezi kuyaamua hata kikae mwaka mzima. Kinaweza kuamua kuchemsha maji. Hakiwezi kuamua kisima kichimbwe na bomba lifike. Kinaweza kumshauri mwenye kikohozi cha muda mrefu aende hospitali. Hakiwezi kuifanya hospitali iwe na dawa. Mwaka 1975 kampeni iliyofuata, Chakula ni Uhai, iliukuta ukuta huo. Ilikuja nchi ikitoka katika ukame mkali na serikali ikiagiza nafaka kutoka nje. Kumfundisha mama kuhusu mlo kamili wakati ghala ni tupu ni kazi ngumu kwa mwalimu na kwa mama.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo gumu zaidi kulimeza. Mwaka huohuo wa 1973, Septemba, mkutano mkuu wa TANU uliamua kwamba watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya kupangwa kufikia mwisho wa 1976. Novemba Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Operesheni zikaanza mkoa baada ya mkoa. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa hiari, wengi kwa malori na mgambo, na mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi.

Choo cha shimo hakipakiwi kwenye lori. Watu waliokuwa wamekaa wiki kumi na mbili wakijadiliana, wakakubaliana, wakachimba, walishushwa mahali papya ambapo palikuwa na vigingi vya viwanja na pengine hata maji hayakuwapo. Ndani ya miezi michache serikali moja ilikuwa imewafundisha watu wake mafunzo mawili yanayopingana. La kwanza lilisema: kaeni, zungumzeni, nyinyi ndio wenye kujua. La pili lilisema: pandeni.

Nimewasikia watu wakiitetea operesheni kwa hoja hiyohiyo ya afya, kwamba watu wakikaa pamoja ni rahisi kuwafikishia zahanati na kisima. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Zahanati na shule nyingi zilifika kwa sababu vijiji vilikuwepo. Lakini watu wengi wakikaa karibu karibu bila maji safi wala vyoo ni karamu ya kipindupindu. Mwaka 1977 kipindupindu kililipuka nchini, na tangu hapo hakijaondoka moja kwa moja. Kilipokuja, lugha ya amri ikarudi nayo: vizuizi barabarani, faini, ukaguzi wa choo nyumba kwa nyumba. Bwana afya alikuwa ameajiriwa upya.

Haya yote ndiyo yaliyonifanya niache kuuliza kama kampeni ilifaulu au ilishindwa, nikaanza kutafuta alama ilizoacha. Moja iko wazi. Kwa miongo iliyofuata Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika ambazo kaya nyingi zina choo cha aina fulani, hata pale nchi zenye kipato kikubwa zaidi zilipobaki nyuma. Vyoo vingi havikuwa bora: shimo fupi, sakafu ya miti, makuti au gunia mlangoni. Lakini wazo kwamba nyumba bila choo si nyumba lilikuwa limeingia, na wazo hilo haliingii kwa faini peke yake. Serikali ilipokuja na kampeni ya Nyumba ni Choo katika miaka ya 2010, haikulazimika kuwaeleza watu choo ni nini. Ilikuwa inawaambia waboreshe walichonacho.

Alama ya pili iko Iringa. Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, yakatangaza kwamba afya ya msingi ni haki na kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga. Kwa wengi lilikuwa wazo jipya. Kwa waliokuwa wameongoza vikundi vya 1973 lilikuwa jambo walilokwisha kulifanya jioni baada ya jioni. Miaka michache baadaye, katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, ulianzishwa mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na WHO. Kila baada ya miezi michache watoto wote wadogo walipimwa uzito hadharani, mizani ikining'inia mtini au kwenye boriti, na matokeo yakajadiliwa na kijiji chenyewe: watoto wangapi wako kwenye rangi nyekundu, ni wa nani, kwa nini, tufanye nini, tutajuaje kama tumefaulu. Pima, chambua, tenda, kisha pima tena. Walipochambua waligundua mambo ambayo mtaalamu asingeyakisia akiwa mjini, kwa mfano kwamba mtoto anakonda msimu wa kilimo kwa sababu mama yuko shambani kutwa na mtoto anakula mara mbili tu. Vijiji vikaanzisha mahali pa kulelea watoto na kuwapikia uji. Utapiamlo mkali ulipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache.

Ni mtindo uleule wa kikundi, isipokuwa safari hii mizani ilichukua nafasi ya redio. Tena kulikuwa na jambo la ziada: mpango ulileta pia chanjo, dawa na mafunzo kwa wahudumu wa vijiji, yaani vile vitu ambavyo kikundi hakiwezi kujiamulia. Mazungumzo na rasilimali vilipokutana mahali pamoja, watoto walinenepa.

Kisha fedha zikaisha. Mwaka 1986 nchi ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Wahudumu wa afya wa vijijini, waliokuwa wakitegemea kijiji kiwape chochote, wakarudi mashambani. Elimu ya afya ikawa bango, kipeperushi, tangazo la sekunde thelathini, semina hotelini yenye posho. Neno kampeni lenyewe likabadilika maana. Mwaka 1973 lilimaanisha watu wamekusanyika; leo linamaanisha fulana na kofia zenye nembo.

Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam, kikasambaa karibu nchi nzima, na hadi mwaka uliofuata kilikuwa kimewashika watu zaidi ya 20,000. Mamia walikufa. Nakumbuka ujumbe mfupi wa simu ukituambia tunawe mikono kwa sabuni. Kila mtu mtaani kwetu aliupata. Hakuna aliyekuwa hajui. Lakini choo cha nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi kilikuwa kimejaa tangu mwaka uliopita, mwenye nyumba anaishi mtaa mwingine, gari la majitaka ni ghali, na mvua ikinyesha kuna anayefungulia yake mtaroni usiku. Wapangaji kumi tulikuwa na simu kumi na ujumbe kumi unaofanana. Hatukuwahi kukaa kikao kimoja kuhusu choo hicho.

Hapo ndipo nilipoona tofauti kati yetu na wao. Sisi tunapokea habari kila mtu peke yake, kiganjani. Hata kundi la WhatsApp la mtaa, lenye watu mia mbili, haliishii na swali la nani atafanya nini kabla ya Jumapili. Linaishia na emoji ya kupiga makofi. Kikundi cha 1973 kilikuwa na habari kidogo, nyingine zikiwa na makosa, lakini kila kikao kilifungwa kwa uamuzi na kilichofuata kilifunguliwa kwa kuuliza kama umetekelezwa. Aliyeshindwa alitakiwa kusema mbele ya wenzake kimemshinda nini, na mara nyingi hapo ndipo shida yenyewe ilipojitokeza.

Sidai kwamba turudi 1973. Sitaki chama kimoja, wala mgambo, wala lori la Novemba. Na sisahau kwamba baadhi ya watu walikwenda kwenye vikundi vile kwa sababu balozi wa nyumba kumi alikuwa anahesabu nani hayupo. Hiari na hofu vilikaa kwenye mkeka mmoja, na sioni namna ya kuvitenganisha baada ya nusu karne. Ninachojua ni kwamba hofu ingetosha kumleta mzee yule kwenye kikao. Isingetosha kumfanya aseme habari za mkwewe.

Mwaka 2024 serikali ilizindua tena kampeni yenye jina lilelile, Mtu ni Afya. Mwaka huohuo ilianza pia mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Idadi hiyo inakaribia mara mbili ya viongozi wa vikundi wa 1973, na safari hii watalipwa, jambo ambalo ni la haki na lilichelewa. Baadhi yao watakuwa rika langu, wamemaliza kidato cha nne au cha sita, wamevaa vizibao, wana vishikwambi vya kujazia takwimu.

Nilimuuliza mwalimu mstaafu angewaambia nini hao vijana kama angepewa dakika tano za kuwafunda. Hakuzungumza kuhusu magonjwa. Alisema wakifika kwenye nyumba waombe kigoda kwanza.

"Na wakishakaa?"

"Wakishakaa wasianze wao."